Masaa 72 ya kwenye simu

Msimu huu wa korosho huku Newala kila nyumba ikipata pesa kidogo inanunua simu mpya, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka anarithi mtoto. Ndo simu aliyokuja nayo binti wa dada yangu, tunaanika korosho uani, ananiambia mamdogo, hivi P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, si inazuia na ukimwi? Kuna shoga yake anauliza. Shoga yake, haya.

Nikamwambia lete nione. Video ya kwanza dada mmoja kope ndefu anasema meza P2 ndani ya masaa 72 umemaliza kazi. Ya pili kaka kavaa koti jeupe, anasema ukihisi umejiweka kwenye hatari ya VVU wahi dawa ndani ya masaa 72. Zote hata dakika hazifiki, na kichwani kwa mtoto zimeshakuwa dawa moja. Mi siwezi kumcheka maana namba ni ileile kweli! Ila P2 ni ya mimba tu, ukiwahi zaidi ndo bora, haizuii VVU wala gono wala kaswende. Ile ya VVU ni PEP, unaifata kituo cha afya, unapimwa kwanza, halafu unameza kila siku kwa siku 28. Akaniambia mbona hawakusema hivyo.

Watu wazima huku tunapigia kelele picha chafu na vibanda umiza, sawa, lakini mi zinanitisha zaidi hizi video safi zinazojifanya somo. Unyago ulikuwa na mambo yake, kumfundisha mtoto wa miaka kumi mambo ya ndoa sikuupenda na siutetei, ila somo wako, yule mama aliyekufunda, alikuwa nyumba ya tatu, hujaelewa unarudi kumuuliza. Dada wa kope unamuulizia wapi?

Na zahanati nako, tangu 2019 sheria inaruhusu wa miaka 15 kupima VVU bila ruhusa ya mzazi, lakini nesi anasali na mama yako, sasa utaenda? Simu haimsemi mtu kwa mama yake, ndo maana inaaminika kuliko sisi.

Nikamuuliza, huyo shoga yako, ilikuwa lini? Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Korosho tukaziacha palepale juani, nikaita bodaboda.