Jirani wa Tisa

Hivi nani alimdanganya bosi kwamba programu ya magugu maji lazima iandikwe kwa lugha ya kompyuta ya Haskell? Lugha za wastaarabu zipo. Unaandika, inagoma, unaiambia ichape namba, inachapa, unaona tatizo, unaenda kunywa chai. Haskell hapana. Humo kitu ukishakiita tano ni tano mpaka kiama, na fanksheni safi, yaani kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu tu, hairuhusiwi hata kufungua mdomo ikwambie imefika wapi. Kuna mlango wa uani unaitwa trace. Ukiupitia itaongea, ila lugha yenyewe ni mvivu, haikokotoi kitu mpaka kihitajike, kwa hiyo maneno yanatoka shaghalabaghala: la mwisho linatangulia, la kwanza halionekani kabisa. Na uvivu huo si bahati mbaya, waliouweka mwaka 1990 waliuweka makusudi!

Aliyeianza kazi kahamia Dodoma, simu hapokei. Kaniachia gridi ya seli, yaani vijisanduku vya kuigiza magugu, kila moja na majirani 8, na sheria za kupimia za Mwingereza John Conway, za mwaka 1970. Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu inaishi. Wakipungua, inakufa kwa upweke. Wakizidi, inakufa kwa msongamano. Iliyokufa ikipata watatu kamili, inazaliwa. Ni wazi Conway hakuwahi kupanga chumba Mabatini. Sisi hapa choo kimoja, foleni mpaka getini, na asubuhi wote tu hai, ndoo mkononi.

Basi weka seli nne hai kwa umbo la mraba, zimebanana. Kila moja ina majirani watatu, haitakiwi kutikisika milele. Ya huyu bwana? Hatua moja tu, pwaa! Skrini nyeusi, ziwa safi. Magugu yenyewe yametusumbua Ziwa Victoria tangu miaka hiyohiyo ya Haskell, watu wameyang'oa kwa mikono, wakayaletea wadudu wa kuyatafuna, na bado upepo ukigeuka mtumbwi unakwama.

Kompaila nayo, huyo mtafsiri na mkaguzi wa programu, sijui analipwa na nani. Ukikosea nafasi ya kuanzia mstari, unatukanwa ukurasa mzima. Hapa imepita kimya, eti namba ni namba kamili, aina za data zinalingana.

Usiku mama mwenye nyumba akagonga.

"Baba, mbona hulali? Luku hiyo ni ya wote."

"Shikamoo mama. Natafuta jirani aliyezidi."

"Yupi? Wa chumba cha tatu mbona kahama jana?"

Nikarudi kwenye mstari wa majirani. Kachukua -1, 0 na 1 kwa upande, akaoanisha kila moja na -1, 0 na 1 kwa juu na chini. Hizo ni jozi 9! Ile ya sifuri na sifuri ni seli yenyewe. Yaani kila seli hai inajihesabu kuwa jirani yake, watatu wanakuwa wanne, inakufa kwa kujisonga peke yake. Dawa yake sharti moja, herufi hazifiki ishirini.

Bosi akaja, mraba umetulia tuli.

"Mbona imeganda? Ile ya mwanzo ilikuwa inacheza."

"Ndivyo inavyotakiwa, bosi."

"Nilipe kitu kisichotembea?"

Nikamwekea umbo la seli 5, lile ambalo kila baada ya hatua 4 linasogea kimshazari. Akacheka mpaka gego likaonekana. Sasa anataka nilielekeze Ukerewe, maana ndiko wanakosubiri ripoti.