Franka 45.000 zilizosomeka 45

Vijana wanaoandika programu hapa Lubumbashi hubishana: fanksheni (kipande kidogo cha programu) ya mistari kumi, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, inastahili kweli majaribio mengi? Wanaokataa wana hoja. Lugha karibu zote zinayo tayari, imepimwa miaka na miaka, na mteja anasubiri kazi yake. Nakubali, hakuna haja ya kuhakikisha kwamba lugha ya Python inajua kusoma 7.

Ila wanaposema imepimwa, wanafikiria namba zilizoandikwa na wao wenyewe. Pita depo za unga katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, utazame bei kwenye vibao: 45.000. Maelfu tunayatenga kwa nukta, au kwa nafasi. Sasa yape maandishi hayo atoi, fanksheni ya lugha ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba. Inasoma 4, inasoma 5, inakuta nukta, inasimama na kurudisha 45. Hailalamiki. parseInt, fanksheni kama hiyo ya lugha ya JavaScript, hufanya vilevile, na "45 000" pia inakuwa 45. Python hukataa waziwazi, na kukataa huko ndiko ninakokutaka. Niliwahi kukaa na mtunza daftari wa depo moja akijumlisha upya kwa kalamu karatasi za wiki nzima, madeni ya elfu arobaini na tano yakiwa yameingia kama arobaini na tano. Kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa. Jaribio la mstari mmoja lingeiona nukta ile.

Kuna na sifuri. atoi ikipewa "abc" hurudisha 0, sawasawa na ikipewa "0", hivyo asiyedaiwa kitu anafanana na kosa la kuandika la karani. strtol, fanksheni nyingine ya C, ni afadhali, maana inakuonyesha ilipoishia kusoma.

Na kikomo: namba kamili ya biti 32 inayoweza kuwa chanya au hasi haipiti 2147483647. Kwa dola ni mbali. Kwa franka, tukihesabu kwa mfano 2.800 kwa dola, hazifiki hata dola 770.000, na mauzo ya mwaka ya depo kubwa yanaweza kupita hapo. atoi ikivuka kikomo hicho, kanuni za C hazisemi kitakachotokea.

Majaribio thelathini ya 1, 2, 3 ni kupoteza muda kweli. Mimi ningeandika kumi, yote kutoka kwenye karatasi za mteja, pamoja na ile yenye "FC" (franka za Kongo) mwishoni na ile aliyoiacha tupu.