Ubao Haukuvunjika

Ukiendesha gari la kampuni ya wahandisi washauri wa madaraja, unahitimu bila kukanyaga darasani. Mimi ni dereva tu, lakini niulize habari za daraja la Tacoma Narrows kule Marekani: lilifunguliwa Julai 1940, likaanguka Novemba 7 mwaka huohuo kwa upepo wa kama kilomita 64 kwa saa. Niulize daraja la Laufenburg, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi. Hiyo mpimaji wetu huisimulia kila safari, tutake tusitake. Wajerumani hupima kimo kuanzia Bahari ya Kaskazini, Waswisi kuanzia Mediterania, na tofauti yake ni sentimita 27. Walijua, wakairekebisha, ila wakajumlisha pa kutoa. Mwaka 2003 ikagundulika upande mmoja uko juu ya mwenzake kwa sentimita 54. Mpimaji akifika hapo hucheka peke yake.

Siku hiyo nilimpakia yeye, Injinia Mkuu, na injinia wa udongo, dada mmoja asiyependa maneno mengi. Mkuu ni bingwa wa mihimili. Misingi, kwake, ni kazi ya watu wa chini.

Tulikwenda kukagua mahali patakapojengwa daraja, ila mto wenyewe hatukuufikia. Kabla yake palikuwa na mtaro wa maji ya matope, upana mita mbili na ushee. Pembeni kulikuwa na ubao mnene, nadhani umesahauliwa na mafundi.

"Kule juu mtaro ni mwembamba, mzee," nikasema. "Unarukika."

"Dereva, hii ni kampuni ya madaraja."

Basi tukaulaza ubao. Ningekuwa mimi ningeshavuka, nikarudi, nikavuka tena. Mkuu akatoa daftari. Akapima unene wa ubao, upana wake, urefu kutoka ukingo hadi ukingo. Mzigo ukiwa katikati, akatufundisha, ndipo ubao unapoumia zaidi: chukua uzito, zidisha kwa urefu, gawanya kwa nne. Kwenye uzito wake mwenyewe akaandika kilo 80. Tukatazamana. Mimi nalijua lile gari linavyoinama akipanda, lakini nina watoto wanasoma.

"Hata wakipita wawili kama mimi, haujali," akatangaza.

Dada wa udongo alikuwa amechuchumaa ukingoni. Alichomeka kalamu ardhini, ikazama yote, ikabaki kofia.

"Mkuu, ubao hauna neno. Hapa unapolalia ndipo pana neno. Madaraja mengi hayavunjiki, maji huchimba chini ya msingi. Daraja la Schoharie Creek kule Marekani, mwaka 1987, lilikwenda hivyohivyo."

"Udongo tutauzungumza tukifika mtoni."

Akapanda. Hatua ya kwanza salama, ya pili salama. Alipofika katikati ubao ukapinda kidogo, na hapo ndipo alipojiponza, maana badala ya kuvuka alisimama kuufurahia. "Mnaona unavyopinda?" akasema, huku akijinesanesa. "Ndivyo nilivyokokotoa!"

Ukingo wa kule ukaanza kumeguka taratibu, bonge baada ya bonge. Ubao ukateremka upande mmoja, na Mkuu naye akateremka nao akiwa wima, daftari kaliinua juu, mpaka matope yakamfika kiunoni. Hakuna aliyecheka. Mpimaji alijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Kimya. Kisha Mkuu akapapasa chini ya maji, akauibua ubao, akaugeuza huku na huku.

"Haukuvunjika!" akapaza sauti. "Andikeni hivyo!"

Dada wa udongo akaandika. Nilichungulia: *Muhimili: salama. Egemeo la mbele: limeshuka. Mzigo: umeshuka nalo.*

Tatizo likabaki kwenye viti vyangu, nilivyoviosha asubuhi ileile. Nikasema wazi kwamba Mkuu ni mkuu ofisini, ila matope ni matope. Kitu pekee kipana tulichokuwa nacho ni mchoro wa mpango wa daraja. Tukautandika, akaukalia hadi ofisini, akitueleza njia nzima jinsi hesabu zake zilivyokuwa sahihi.

Kumbe nakala ya pili haikuwa imechapwa. Kwenye kikao cha mteja mimi ndiye niliyeingiza mchoro, kwa hiyo niliona kwa macho yangu ulivyokunjuliwa mezani. Madoa mawili ya mviringo, ya kahawia, makubwa, yamekaa barabara juu ya egemeo la kushoto.

Mzee wa upande wa mteja akavaa miwani, akainama. "Na hii ni alama ya nini?"

Mkuu akaangalia dari. Mpimaji akaangalia viatu.

"Hiyo ni sampuli ya udongo, mzee," akajibu dada yetu, uso mkavu kabisa. "Alikwenda kuichukua Injinia Mkuu mwenyewe."