Mtoto mpole si lazima awe mzima

Ingia skuli yoyote ya msingi hapa Pemba umuulize mwalimu ni nani anamsumbua. Atakutajia majina papo hapo, na ya baba zao juu yake. Muulize sasa ni nani anamtia wasiwasi kwa kunyamaza, utaona anaanza kufikiri. Mimi nasomesha darasa la tano, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipokwama: hali ya mtoto tunaipima kwa kelele zake. Anayepiga wenzake anaitiwa mzee wake. Aliyejikunja kwenye kona, hajibu, hagusi mtu, anaandikiwa kwenye ripoti kuwa ana tabia nzuri.

Najua nasema jambo zito, maana adabu kwetu ni kitu kikubwa na mimi naipenda. Ila adabu na huzuni, ukiziangalia ukiwa umesimama ubaoni, zinafanana sana. Mpaka mapumziko ndiyo unazitofautisha. Mwenye adabu kengele ikilia anakimbia kama wenzake, atacheza nage, atagombania zamu ya mdako. Mwenye lake moyoni anabaki kwenye ngazi, na ukimuuliza anakwambia tumbo linamuuma. Halafu chukua daftari lake ulisome kwa kurudi nyuma. Mwandiko wa mwezi wa pili umesimama vizuri. Wa mwezi wa tano umelala, hesabu zimeachwa katikati, ukurasa umefutwa mpaka umetoboka. Hapo huhitaji digrii ya saikolojia kujua kuna kitu.

Mama anayeuza bajia langoni naye anajua mengi kuliko sisi. Anajua nani siku hizi hanunui, nani ananunuliwa na mwenzake, nani anasubiri wenzake wote waondoke ndipo ashike njia ya nyumbani. Sijapata kuona mwalimu akienda kumuuliza.

Na yanayowakuta watoto wetu yanajulikana. Talaka, kisha mama akaolewa Unguja na mtoto akabaki kwa bibi. Baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, au yuko Oman, sauti yake inasikika kwenye simu tu. Msimu wa karafuu nyumba nzima iko shamba. Juu ya hayo, mtoto asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuoni kusoma Kurani, jioni tuisheni, na akifika darasa la sita anaongezewa kambi ya mtihani. Muda wa kucheza umeliwa kidogo kidogo na sisi watu wazima, kila mmoja kwa nia njema.

Kuhusu bakora sitasema mengi, ila hili moja. Mtoto aliyekesha kwa ugomvi wa wazee wake, akachelewa foleni, akachapwa, kuna kitu amejifunza: kesho awahi, na anyamaze.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Yaani mengine yanaanzia kwenye madarasa yetu haya. Lakini ukitaja neno akili kwenye kikao cha wazazi, watu wanafikiria Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, na mazungumzo yamekwisha. Nyumbani nako itasemwa kijicho, au mashetani, apelekwe akasomewe. Mimi sina ugomvi na dua wala na kombe, zile aya zinazoandikwa zikaoshwa na kunywewa. Asomewe. Ila aulizwe pia, na aliyemuuliza akae kimya mpaka ajibiwe.

Tatizo aulizwe wapi? Mwalimu wa ushauri nasaha ni huyo huyo mwenye vipindi kama wenzake na madaftari ya kusahihisha yamemjaa. Chumba hana. Mtoto anaitwa ofisi ya walimu, anasimama mbele ya meza, walimu wengine wanakunywa chai na masikio yao yako pale. Haya, sema mwanangu, una nini? Atasema hana kitu. Hata mimi ningesema sina kitu.

Na akithubutu kusema, Pemba ni ndogo. Alilolisema asubuhi linaweza kufika barazani kabla ya Magharibi, kwa sababu mwalimu ni jirani wa shangazi yake. Hili ndilo ningependa kamati za skuli zilijadili siku zinapokutana kuzungumzia madawati na vyoo. Benchi moja nje, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, halina gharama. Kumpunguzia mnasihi vipindi kadhaa kunahitaji ubishi kidogo na mwalimu mkuu, basi tubishane. Na iwepo kanuni iliyoandikwa: la mtoto halitoki, isipokuwa kama anaumizwa au yumo hatarini. Likiwa hilo, haliendi barazani wala halisuluhishwi kifamilia kwa kusameheana. Linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya au kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar tunayo tangu 2011, hatuanzi kutunga upya.

Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Iandikwe kwa rangi ukutani, upande wanaopita watoto, si ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu.