Kila Wimbo na Silabi Yake: Faharasa za Wajapani na Nyimbo Zetu Zisizo na Orodha

Kobe, mji ninaoishi tangu nilipoondoka Tanzania, ndipo Daisuke Inoue alipoanza kukodisha mashine zake za kuimbia kwenye baa mwaka 1971, na kutoka hapo karaoke ikaenea Japani nzima na baadaye duniani. Siku hizi nyimbo huchaguliwa kwenye kioo cha kugusa, lakini kwa miaka mingi kila chumba cha karaoke kilikuwa na vitabu vinene vya orodha ya nyimbo, na katika baa za wazee bado utavikuta mezani, kurasa zimelegea kwa kufunuliwa. Kwa kawaida huwa viwili: kimoja kimepangwa kwa majina ya waimbaji, kingine kwa silabi ya kwanza ya jina la wimbo. Nataka kukizungumzia hiki cha pili, kwa sababu naamini kina jambo ambalo sisi wa nyumbani tunalihitaji sana, na tunalihitaji sasa.

Mpangilio wenyewe mtoto wa Kijapani huufahamu kabla hajaanza shule. Kwanza huja irabu tano, a, i, u, e, o, kisha mstari wa ka, ki, ku, ke, ko, kisha sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, na wa. Wanauita mpangilio wa sauti hamsini, ingawa herufi zitumikazo leo ni 46. Asili yake ni elimu ya watawa wa Kibudha waliojifunza sauti za Kisanskriti, na ndiyo maana konsonanti zake hufuata njia ya kinywa, zikianzia nyuma kooni na kuja mbele hadi kwenye midomo. Sauti ya ha imekaa karibu na ma kwa sababu Wajapani wa kale waliitamka pa. Mtu aliyekwisha kuuzoea mstari huo hahitaji kuufikiria. Vidole vyake hufunua kitabu mahali panapotakiwa, iwe ni kamusi, iwe ni orodha ya simu, iwe ni nyimbo.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba wimbo hupangwa kwa jinsi unavyotamkwa. Jinsi unavyoandikwa haihesabiwi. Kijapani huandikwa kwa herufi za Kichina pamoja na aina mbili za herufi za silabi, na watunzi hawakosi kuingiza hata herufi za Kirumi. Chukua majina ya nyimbo zinazoitwa Sakura, yaani maua ya mcheri. Naotaro Moriyama alitoa wake mwaka 2003, Kobukuro na Ketsumeishi wakatoa zao mwaka 2005, na Ikimonogakari wakafuata mwaka 2006. Kobukuro waliliandika jina kwa herufi ya Kichina, Ketsumeishi kwa herufi za silabi, Ikimonogakari kwa herufi kubwa za Kirumi. Katika faharasa zote zimekaa pamoja chini ya sa, jirani na jirani, kwa sababu mwimbaji anatafuta kwa sikio. Ili asichanganyikiwe, kitabu humwonyesha kando ya jina maneno ya kwanza ya wimbo, jina la mwimbaji na namba ya kuingiza kwenye mashine. Hayo maneno ya kwanza ndiyo ninayoyapenda kuliko yote: huhitaji kuwa na hakika ya jina, ukiyaona tu wimbo unaanza wenyewe kichwani.

Utaratibu huu una masharti yake ambayo mgeni hujifunza polepole. Ga hutafutwa pamoja na ka, ba na pa hutafutwa pamoja na ha, na fu imo katika mstari wa ha, kwa hiyo Furusato, wimbo wa shule wa mwaka 1914 ambao wazee huuimba huku wakifuta machozi, hauko mbali na Hotaru no Hikari, wimbo ambao maduka huupiga wakati wa kufunga. Mstari wa ra una maneno machache ya asili ya Kijapani, lakini katika vitabu vya nyimbo umejaa, maana neno la Kiingereza la mapenzi hutamkwa rabu na watunzi hawachoki nalo. Mmarekani anayeujua kwa jina la Sukiyaki ule wimbo wa Kyu Sakamoto ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963 hataupata chini ya su. Unapoishi hapa ni chini ya u, kwa sababu jina lake halisi ni Ue o Muite Aruko.

Mazoea haya hayakuanzia kwenye karaoke. Uko mchezo wa karata unaotumia mashairi mia moja ya kale aliyoyakusanya Fujiwara no Teika, na katika mashindano msomaji huanza kughani shairi huku wachezaji wawili wakiwania kuigonga karata yenye nusu yake ya pili. Mchezaji hodari amekwisha kuyagawa mashairi yote kwa silabi za mwanzo: kumi na sita huanza na a, na saba huanza na silabi ambayo hakuna shairi lingine linaloanza nayo, yaani mu, su, me, fu, sa, ho na se. Akisikia mojawapo ya hizo saba, mkono umeshaondoka. Bingwa hupatikana kila Januari katika hekalu la Omi Jingu, mjini Otsu. Kwa Kijapani shairi la namna hiyo na wimbo huitwa kwa neno moja, uta, na nadhani ndiyo sababu watu hawa wameona ni kawaida kabisa kuukumbuka utungo kwa sauti inayoufungua.

Nyumbani tunazikumbuka nyimbo kwa watu. Tukitaka wimbo tunasema ule wa Marijani, ule wa Mbaraka, ule uliokuwa ukipigwa mwaka aliooa kaka, au tunaimba kiitikio mpaka mtu wa pembeni auokote na kuumalizia. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tuliandika kadi za salamu, tukaomba wimbo na kutaja majina ya ndugu, na mtangazaji alijua kuutafuta. Sitaki kuudharau utaratibu huo hata kidogo. Una joto ambalo kitabu hakina, kwa maana huwezi kuupata wimbo bila kuzungumza na mtu, na mara nyingi unapata na habari zake: nani alipiga solo, nani alikuwa akiimbiwa. Huku Japani mtu anaweza kuingia chumba cha karaoke peke yake, akachagua nyimbo zake, akaimba na kuondoka bila kusema neno na yeyote zaidi ya mhudumu, na wapo wengi wafanyao hivyo.

Lakini watu hufa, na hapo ndipo ninaposhikwa na hofu. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuja Osaka kwenye maonyesho ya dunia, mwendo mfupi wa treni kutoka ninapoandika haya, na wakaimba kuhusu Expo 70. Nikitaka kujua ni nyimbo gani nyingine alizorekodi kabla ya kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, njia yangu ya uhakika ni kumpigia simu mjomba wangu aliyeko Morogoro, ambaye umri umekwenda. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na wangapi kati yetu wanaweza kutaja hata nyimbo tano kati ya zile alizozirekodi? Bendi zetu nyingi za miaka ya sabini zilirekodi katika studio ya redio ya taifa, kwenye kanda. Kanda bila faharasa iliyo wazi kwa wananchi ni wimbo ambao lazima umjue mtu ndipo uusikie.

Na si kweli kwamba kupanga namna hii ni ugeni kwetu. Waumini makanisani wana vitabu vya tenzi vyenye namba na orodha ya mistari ya kwanza, na bibi asiyesoma gazeti atakuambia namba ya utenzi anaoupenda. Silabi zetu huishia kwa irabu kama za Wajapani, irabu zetu ni tano kama zao, na darasa la kwanza wote tuliimba ma, me, mi, mo, mu. Faharasa ya nyimbo za dansi na taarabu kwa silabi ingeeleweka hata kwa mtu ambaye hakuvuka shule ya msingi.

Ingehitaji masharti yake, bila shaka. Kijapani hakina neno linaloanza na ile n yao isiyo na irabu, ilhali sisi tuna mpenzi, mke, mtoto na nchi, kwa hiyo m na n pekee zingepewa mistari yao. Viambishi vingeleta msongamano: chini ya ni na si zingejaa nyimbo za walalamikao mapenzi, na hapo silabi ya pili na ya tatu zingefuatwa kama wafanyavyo wenye karata. Georgina ya Marijani Rajab ingekwenda kwa matamshi yetu, chini ya jo. Kando ya kila jina ningeandika maneno ya kwanza, bendi, mtunzi na mwimbaji, na pale mtunzi anapobishaniwa, kama ilivyo kwa Malaika ambayo wengine humpa Fadhili William na wengine Adam Salim, ningeyaandika majina yote mawili chini ya ma na kuwaachia wasomaji wenye ushahidi nafasi ya kuongeza.