Kujifungulia zahanati au hospitali? Hoja mbili ndani ya kazi ya Dkt. Godfrey Mbaruku

Katikati ya miaka ya 1980, Hospitali ya Mkoa wa Kigoma ilikuwa na vifo 933 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia 1991 vilikuwa vimeshuka hadi 186. Aliyesimamia kazi hiyo ni marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1995 yeye na bingwa mwenzake kutoka Sweden, Staffan Bergström, walichapisha maelezo ya jinsi ilivyofanyika: hatua 22, nyingi zikitegemea kilichokuwapo palepale mkoani. Zamu zilipangwa upya, watumishi wakaendelea kufundishwa wakiwa kazini, vifaa vikafuatiliwa, na kila aliyevaa koti jeupe akakumbushwa wajibu wake kwa mgonjwa.

Wapo wanaousoma ushahidi huu kwa tahadhari, na wana sababu. Takwimu zile ni za hospitali moja, zikilinganisha kabla na baada, bila mkoa mwingine wa kupimia. Aliyefia nyumbani Kibondo au njiani kutoka Kasulu hakuhesabiwa. Tena mabadiliko ya namna hii huegemea sana mtu mmoja mwenye msukumo, na mtu huyo huhamishwa. Nakubali yote hayo. Hata hivyo, Kigoma ilikuwa mwisho wa reli, mbali na wizara na mbali na wafadhili. Kama vifo vilipungua kwa kiasi kile bila jengo jipya la kifahari, basi maelezo kwamba mama wa pembezoni hufa kwa sababu nchi ni maskini hayatoshi.

Alipohamia kwenye utafiti katika Taasisi ya Afya Ifakara, Mbaruku alirudi kwa wanawake walewale na swali gumu zaidi. Akiwa na Margaret Kruk, mtafiti wa mifumo ya afya, na wenzao, aliwauliza kina mama wa vijijini Kasulu wangependa kujifungulia kituo cha namna gani. Matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha kwamba vilivyowavuta kuliko vyote ni mhudumu mwenye heshima, pamoja na dawa na vifaa. Watafiti walikadiria kwamba mambo hayo yakirekebishwa katika vituo vilevile vilivyopo, wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Utafiti mwingine wa wilaya hiyohiyo ulionyesha kwamba kina mama wengi waliojifungulia kituoni walikuwa wameiruka zahanati ya karibu na kwenda mbele.

Hapo ndipo mzozo ulipo. Serikali ya Tanzania, kupitia Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi ulioanza 2007, iliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Usawa ulipimwa kwa ukaribu. Mwaka 2018 tume ya kimataifa ya jarida la kitabibu la Lancet Global Health kuhusu ubora wa mifumo ya afya, iliyoongozwa na Kruk, ilipendekeza kinyume chake: uzazi uhamishiwe hospitali zenye uwezo wa upasuaji na damu. Kenya, kaunti ya Kakamega imekuwa ikijaribu njia hiyo.

Wanaotaka uzazi uhamie hospitali wana hoja nzito. Zahanati inayozalisha wanawake wachache kwa mwezi haimpi mkunga nafasi ya kuzoea dharura. Mama akianza kutoka damu nyingi usiku wa manane, ukaribu wa jengo haumwokoi. Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Kuiruka zahanati kunahitaji nauli. Mwenye nauli ameshajichagulia hospitali, na asiye nayo ndiye anayebaki na huduma dhaifu iliyopewa jina la usawa. Tukiwa wakweli, kina mama wa Kasulu walishaanza kuuhama mfumo huu kabla tume yoyote haijaketi.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Utafiti mkubwa wa kusini mwa Tanzania uliochapishwa 2015, ukiongozwa na Claudia Hanson, uliangalia vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na uzazi. Kwa wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000, na kwa walio zaidi ya kilomita 35 vilikuwa 422. Ukimwambia mama wa kilomita 35 kwamba zahanati ya kijijini haizalishi tena, wakati masika yamekata barabara, huenda akarudi kwa mkunga wa jadi. Na hospitali zenyewe? Anayezijua wodi za wazazi za hospitali za Temeke au Amana, Dar es Salaam, anajua maana ya kufurika.

Mimi naona wote wawili wanakosea wanapochukulia kwamba hospitali haiwezi kusogea. Kazi ya Mbaruku na Bergström inaonyesha njia ya tatu: daktari msaidizi, yaani tabibu aliyeongezewa mafunzo bila shahada ya udaktari, anayefanya upasuaji wilayani. Utafiti wao wa 2009 katika mikoa ya Mwanza na Kigoma ulikuta madaktari wasaidizi ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari. Nchini Msumbiji, asilimia 88 ya mafundi wa upasuaji, ambao nao si madaktari, walikuwa bado wilayani baada ya miaka 7, huku madaktari waliopangiwa huko wakiwa wameondoka wote. Wakosoaji husema huku ni kumpa maskini daktari wa daraja la pili, na si hoja ya kubezwa: uchambuzi wa mwaka 2011 katika jarida la BMJ haukukuta tofauti ya vifo vya mama kati ya wapasuaji wasio madaktari na madaktari, lakini kwa wasio madaktari vidonda vilivyoambukizwa na kufumuka vilikuwa vingi zaidi. Hilo linatibika kwa usimamizi na mafunzo. Mama aliyekosa upasuaji kabisa hatibiki.

Kwa hiyo kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, damu kwenye jokofu na usafiri wa rufaa kitangulie. Mfumo wa m-mama, unaoita gari kwa simu, unaonyesha kwamba usafiri unaweza kupangwa. Wilaya itakayotimiza hayo, na kuyaonyesha hadharani kwa takwimu zake, ndiyo inayostahili kuziondolea zahanati zake jukumu la uzazi. Wilaya nyingine zisubiri, na wakati zinasubiri ziwekewe bajeti, kwa sababu lugha ya heshima kwa mama anayejifungua haihitaji kusubiri chumba cha upasuaji.