Kukosa manukato si usalama

Mnasema tishu za maji za watoto zikiandikwa "hazina manukato" mzazi asiwe na shaka. Hapo napinga. Kitu kinachokaa kimelowa ndani ya pakiti kwa miezi lazima kitiwe dawa ya kuzuia bakteria na ukungu, na mara nyingine ni dawa hiyo inayomwasha mtoto, wala si manukato. Mojawapo huandikwa Methylisothiazolinone (kwa herufi za sisimizi, nyuma ya pakiti). Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi visivyosuuzwa baada ya kupakwa, tishu hizi zikiwemo. Mimi nina duka Kansanga, Kampala, na nimewaona wateja, pakiti ikikauka, wanamimina ndani maji ya jerikeni ili waisukume wiki nyingine. Jamani! Dawa inazimuliwa, vijidudu vinapata makao. Nyumbani pamba na maji ya uvuguvugu yanatosha, au kitambaa laini, ila kikianikwa nje kipigwe pasi pande zote, maana nzi wa maembe hutaga humo na funza wake huingia ngozini. Taabu ni safarini. Mnaopanda basi la Gulu na kichanga, maji mnayabebaje?